Memsabu wa Darubini Aliponiambia Mchumba Wangu Amemuuza Kaka Yangu

"Oktavia, mchumba wako amemuuza kaka yako."

Mwiko ukaniponyoka, ukaangukia kwenye majivu.

"Memsabu, unasema?"

"Enoki. Kesho polisi watakuja kumchukua Linus. Nimesikia kwa masikio yangu."

Jamani! Nikakaa palepale juu ya gunia la viazi!

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni bibi wa miaka themanini na sita. Mjukuu wangu ndiye anayechapa, akikosea herufi mgombezeni yeye.

Mwaka ni 1959. Mwingereza bado yupo, bendera yake inapepea pale boma la Njombe. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, kulikuwa kunawaka moto. Watu wa siasa walikuwa wanakamatwa hovyo.

Kaka yangu Linus alikuwa amekwenda kule kutafuta kazi. Akajiingiza kwenye siasa. Walipoanza kumsaka alivuka ziwa kwa mtumbwi, akatokea Lupingu, akapanda milima kwa miguu mpaka nyumbani kwetu Mawengi.

Mama akamficha.

Waliojua ni watatu tu. Mama, mimi, na Enoki mchumba wangu.

Basi, huku Makambako likashuka kundi la wazungu wapenda ndege. Siyo ndege za kupanda! Ndege hawa wa mitini. Wanazunguka na darubini shingoni, wakimwona mbayuwayu wanashangilia kama wameona malaika.

Enoki wakamchukua awe kiongozi wa safari, kwa sababu njia za kwetu anazijua mpaka ziwani. Mimi nilikuwa naishi Njombe mjini, wakanichukua niwe mpishi.

Nilifurahi jamani! Safari moja na mchumba, tena kuelekea nyumbani!

Kiongozi wao alikuwa Bwana Haris, mzee wa ndevu nyeupe, mpole. Halafu kulikuwa na Memsabu Wini. Huyo alizungumza Kiswahili safi kuliko mimi. Alinipenda tangu siku ya kwanza. Jioni anakuja jikoni, anakaa kwenye kigogo, ananiuliza habari za kwetu.

Wapagazi wote walikuwa watu wa Njombe, isipokuwa wawili waliofika na Memsabu pale Makambako. Hawa walikuwa kimya. Viatu vyao vizuri mno kwa wapagazi.

Niliviona. Lakini nilikuwa na mapenzi, akili ilikuwa likizo.

Tukapiga kambi kilimani, juu ya Mawengi. Ndipo nikaanza kumwona Enoki simwelewi.

Nilimkuta nyuma ya lori la mizigo na Bwana Haris, wananong'ona. Bwana Haris akampa kitu kimefungwa kwenye karatasi. Enoki aliponiona akakisukumia ndani ya koti haraka haraka.

"Umepewa nini?"

"Hakuna kitu."

"Enoki, nimeona!"

"Okta, si kila kitu uulize."

Akaondoka. Usingizi nilioupata usiku ule hata paka haumtoshi.

Mama alikuwa ameshaniambia: "Mwanangu, huyo Mlutheri wako anacheka sana. Mtu anayecheka hivyo ana jambo." Nilimbishia. Sasa maneno yake yakanirudia yote.

Ndiyo asubuhi yake Memsabu Wini akanifuata jikoni na habari ile.

"Kimbia ukamwonye kaka yako," akaniambia taratibu, mkono begani kwangu. "Nitasema nimekutuma mayai. Nenda. Wala usiharakishe kurudi."

Nikashika kikapu. Nikapita mbele ya Enoki bila kumsalimia.

"Okta! Unakwenda wapi?"

Nikaongeza mwendo. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitamtemea mate!

Nikashuka kilima mbio, machozi yananitoka, nawaza nitamwambia nini mama. Linus alikuwa kwenye kibanda cha mgema ulanzi, katikati ya msitu wa mianzi inayogemwa pombe hiyo. Njia inagawanyika chini ya kilima. Kushoto mianzini, kulia kwa shangazi Telesia.

Pale njia panda nikasimama nivute pumzi.

Kulikuwa na ndege chozi, yule mdogo anayenyonya maua. Ana kidudu mdomoni. Kiota chake kinaning'inia hatua chache tu, nasikia watoto wanalia njaa. Lakini haingii! Anaruka tawi hili, anaruka lile, ananitazama.

Nikaelewa. Hawezi kwenda kwa watoto wake mtu akimwangalia.

Wapendwa... nywele zilinisimama.

Mimi je? Nani ananiangalia MIMI?

Nikageuka taratibu. Juu kilimani kitu kikametameta juani. Kioo. Darubini! Na haikuelekea mtini. Ilinielekea mimi.

Halafu swali la pili likanipiga kama rungu. Linus! Memsabu alisema LINUS! Katika hadithi zote nilizompigia pale jikoni, jina la kaka yangu sikuwahi kulitamka. Wala kwamba ninaye kaka! Na kama Enoki angekuwa ameshawaambia alipo, mimi wangenifuata wa nini?

Nikaangalia njia ya kushoto. Nikaangalia ya kulia.

Nikajifuta machozi, nikashika ya kulia. Tena sasa natembea nikigeuka geuka nyuma, kama mtu mwenye siri kubwa. Nilitaka waone vizuri!

Shangazi Telesia alikuwa anapukuchua mahindi.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

"Shangazi, funga mlango. Watakuja watu. Wewe pukuchua tu."

Hakuuliza la pili. Akanisogezea ungo.

Haukupita muda mrefu. Mlango ukapigwa teke! PAAA!

Wale wapagazi wawili wenye viatu vizuri wakaingia na bastola. Kumbe askari kanzu! Nyuma yao Memsabu Wini, uso mwekundu, hana hata chembe ya tabasamu lile la jikoni.

Wakapekua chini ya kitanda. Wakapanda darini. Wakamwaga hata mahindi.

"Yuko wapi?" Memsabu akanifokea.

"Nani, Memsabu?"

"Linus!"

"Huyo ni ndege wa aina gani?"

Alinyanyua mkono anipige. Mkono mwingine ukaudaka hewani.

Enoki! Alikuwa amekimbia kilima kizima nyuma yao, shati limechanika.

"Memsabu, huyu humpigi."

Mmoja wa wale askari akampiga kwa kitako cha bastola. Enoki akaanguka, koti likafunguka, ile karatasi ikatoka.

Memsabu akaidaka kama mwewe, akaichana.

Viatu. Viatu vyeupe vya kike. Bwana Haris ndiye aliyempa, mkewe alikuwa amevivaa mara chache tu.

"Vya harusi," Enoki akasema akiwa chini, damu inamtoka puani. "Nilitaka nikushtue, Okta. Sasa umeviona."

Nililia jamani! Shangazi naye akalia!

Hawakuwa na la kutushika nalo, wakatuachia kwa matusi na vitisho. Tulipopanda kambini kuchukua mizigo yetu, Bwana Haris alikuwa amekaa peke yake, amejishika kichwa.

"Sikujua," akasema. "Nilidhani ni mpenda ndege kama sisi."

"Kwani alijiungaje nanyi, Bwana?"

"Aliomba Dar es Salaam. Safari yetu ilikuwa ya Kitulo. Ni yeye aliyeng'ang'ania tupite Mawengi. Na mpishi tulikuwa naye tayari, Oktavia. Ni yeye aliyesema hapana, tumtafute msichana fulani wa Njombe."

Msichana fulani. Mimi!

Kumbe polisi walimjua Linus ni wa Mawengi, wakajua ana dada Njombe. Mama wangemtesa asingesema. Wakatafuta njia ya kunitisha mimi, niwapeleke kwa miguu yangu mwenyewe.

Linus alikaa mianzini mpaka mambo yalipotulia. Enoki nilimwambia yote niliyomdhania, siku ileile. Akacheka kile kicheko chake. Mama hakukisema vibaya tena. Tulioana, tukaishi miaka hamsini na moja mpaka Mungu alipomchukua Enoki.

Wajukuu zangu wa mtandaoni, sikieni. Siku hizi mnatumiwa meseji: "Mumeo nimemwona na fulani." "Rafiki yako anakusema." Mnapandwa na moto, mnakimbia.

Mtu akikuletea ubaya wa mwenzako, usiulize tu kama ni kweli. Jiulize pia: huyu anataka nikimbilie wapi?