Paa la Cloonagarry

Kapteni Lucius Daunt alikutwa uani amelala kifudifudi, kisogo kimebonyea, vipande vya vigae vimetapakaa mgongoni. Aliyemkuta ni Dinny Gaffney, msimamizi wa mafundi waliokuja asubuhi ile kuliezua jumba la Cloonagarry. Kapteni mwenyewe ndiye aliyewaita. Jumba lisilo na paa halitozwi kodi, na miaka ile majumba ya mabwanyenye yalikuwa yakivuliwa paa nchi nzima, moja baada ya jingine.

Inspekta Fintan Heverin alipofika na Sajini Tansey, mafundi walikuwa wameegemea ukuta wa zizi la farasi wakivuta sigara. Hakuna aliyevua kofia kwa heshima ya maiti.

"Ameanguka," Gaffney alisema kabla hajaulizwa. "Alipanda kukagua paa, akateleza."

"Ulimwona akipanda?"

"Sikumwona. Wala sikuwa na hamu ya kumwona."

Heverin alichuchumaa, akainua mguu mmoja wa marehemu, kisha wa pili. Soli zilikuwa safi, zina changarawe za uani tu. Akapanda ngazi ya mafundi mpaka juu. Paa zima lilikuwa limeota ukoga wa kijani, unateleza kama mlenda. Aliposhuka, viatu na magoti yake yalikuwa kijani tupu.

"Huyu hakupanda popote," alimwambia sajini kwa sauti ya chini. "Kapigwa hapa hapa. Vigae kawekewa baadaye."

Tansey akamvuta pembeni. Jana, alisema, Gaffney na Kapteni walitukanana mbele ya watu. Gaffney alikuja kulikagua paa kabla ya kazi, akataka kupitia ukumbini kwenda darini, Kapteni akamwambia kwamba hata jumba likiwa linakata roho, hakuna Gaffney atakayekanyaga sakafu yake. Na bibi mzaa baba wa Gaffney alifukuzwa shambani na hawa hawa akina Daunt, waliokuwa wenye ardhi yote ya hapa.

"Tumkamate, afande?"

"Kwa hesabu hiyo, Tansey, anza na mimi."

Hakuwa akitania. Bibi yake Heverin naye alitolewa nje ya nyumba yake, huko Gortnamona, na askari wa babu yake Kapteni, akiwa mjamzito, theluji ikianguka. Nyumba ikabomolewa machoni pake, na baba yake Heverin akazaliwa nyuma ya ukuta wa mawe. Mzee yule alimlea mwanawe kwa chuki ile kama wengine wanavyolelewa kwa uji. Ndiyo maana Heverin aliichunguza kila hatua yake siku hiyo. Alitamani mno mkosaji atoke ndani ya jumba, na mpelelezi anayetamani jibu huliona hata mahali lisipo.

Daktari wa polisi alimaliza kuikagua maiti kabla ya adhuhuri. Pigo lilikuwa moja, kutoka nyuma, la kitu kizito chenye uso wa mviringo. Ndani ya jeraha alikuta chembe za rangi nyekundu. Nyundo za mafundi zilikaguliwa zote: chuma kitupu, na hakuna hata moja yenye uso unaolingana na jeraha.

Heverin akaingia ndani.

Bi Honor Daunt, dada wa marehemu, alimpokea sebuleni akiwa amekaa wima kwenye kiti cha mgongo mrefu. Ukutani picha za wazee wake zilikwisha kuondolewa, zikaacha alama za mraba. Hakumkaribisha kiti.

"Heverin," alisema, akilionja jina. "Wa Gortnamona?"

"Wa huko."

"Nilidhani babu yangu aliwamaliza."

"Alijitahidi, Bibi."

Aliulizwa alipokuwa alfajiri. Kitandani. Nani mwingine alilala humo? Hakuna. Mpishi aliondoka wiki iliyopita. Milango ilifungwa kwa makomeo ya ndani, wa uani aliufungua Lucius mwenyewe. Alijibu hayo yote kama mtu anayefukuza nzi, kisha akasema polisi wanapoteza muda, kwa kuwa muuaji yuko uani anavuta sigara.

"Unamtaja nani?"

"Yeyote kati yao. Mmengoja miaka mia, mmepata nafasi. Hamna tofauti nyie."

Heverin alihisi damu ikimpanda usoni. Akageuka, akatoka.

Kwenye ujia wa kuelekea uani kulikuwa na sanduku refu la mbao. Akalifungua. Mlikuwa na mipira na nyundo za mbao za ule mchezo wa mabwanyenye wa kugonga mipira kwenye nyasi, kila nyundo imezungushiwa ukingoni mstari wa rangi yake. Zote zilikuwa zimevikwa vumbi na utando wa buibui. Zote, isipokuwa ya mstari mwekundu. Hiyo ilikuwa safi, mpini wake ungali na unyevu, na rangi imebanduka ukingoni.

Akarudi nayo sebuleni imefungwa kwa kitambaa, Tansey akimfuata.

"Mara ya mwisho mchezo huu ulichezwa lini, Bibi?"

"Kabla baba hajafa. Zamani sana."

"Na nyundo hii imeoshwa na nani?"

Bi Honor aliitazama, kisha akaangalia dirishani. Heverin alimwonya kwamba si lazima aseme lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Tansey akafungua daftari.

"Andika vizuri, basi," Bi Honor alisema. "Niliiosha mimi, na vigae nilimwekea mimi. Nina miaka sitini na mitatu. Nilipokuwa na ishirini na miwili, daktari wa mifugo aliniposa. Egan. Mkatoliki, mtoto wa muuza duka. Baba akasema mtu wa Cloonagarry haolewi na watu kama hao, na kwamba nyumba inanihitaji. Nikabaki. Nikamuuguza mama, nikamuuguza baba. Nikazoa maji ya mvua kwa ndoo humu ndani kila kipupwe. Wanakijiji wakanichukia, nami nikawachukia, kwa sababu hivyo ndivyo nyumba ilivyotaka."

"Na leo?"

"Leo Lucius aliniita uani nione mafundi watakapoanzia. Alikuwa na furaha. Yeye anakwenda Uingereza kwa rafiki yake, mimi nimetafutiwa chumba Dublin, kwa mabibi wazee wasio na watu. Nikamuuliza, na nyumba? Akacheka. Akasema, 'Honor, ni mawe tu.'"

Alizitazama zile alama za mraba ukutani.

"Mawe tu. Nikajaribu kuikumbuka sura ya Egan, pale pale niliposimama. Nikashindwa. Sikuyakumbuka hata macho yake. Nikaingia ndani nikachukua kilichokuwa karibu."

Tansey aliacha kuandika. Heverin alitafuta ndani yake ile furaha aliyoahidiwa tangu utoto, asiipate.

Walipomtoa, kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika langoni. Gari lilipopunguza mwendo, mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Bi Honor alitazama mbele, shingo wima.

Heverin alisimamisha gari, akashuka. Wakamshangilia kwa jina, mjukuu wa Gortnamona.

"Nendeni makwenu," alisema.

Hawakuondoka. Makofi yakakoma, na walivyomkodolea macho sasa ndivyo walivyokuwa wakiwatazama akina Daunt siku zote. Akarudi garini, akaufunga mlango, akamwambia Tansey atie gia.