Kipaji cha Chumba 417

Škoda nyeusi ilikata kona bila kuwasha taa, ikapanda ukingo wa barabara, ikarudi kwenye lami, ikaongeza moto.

Nyuma yake, Yamaha.

Juu ya Yamaha, Zornitsa Kehayova. Bastola ya Beretta kwapani, helmeti kichwani, na sikioni kipokea sauti kidogo kama punje ya dengu. Majirani zake pale mjini Sofia walimjua kama mwalimu msaidizi wa hesabu chuoni. Idara ya ujasusi ilimjua kama Kipanga.

Hakuwahi kupoteza gari alilolifuata.

Hata leo hakulipoteza. Alikuwa akiliona vizuri kabisa, na hakuwa na la kulifanya.

"Kipanga, uko wapi?" Kanali Stoimenov, redioni.

"Mgongoni kwao, afande. Naweza kupiga gurudumu."

"Usithubutu! Yule bwana amemwekea binti bastola ubavuni. Gurudumu likipasuka, na binti kaenda."

"Basi nifanye nini?"

"Fuata."

"Nifuate mpaka lini?"

Redio ikakoroma. 

Binti mwenyewe ni Vihra Doncheva, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Zornitsa alikuwa ameficha kinasa sauti ndani ya beji ya chuo ya binti huyo, baada ya Idara kuanza kunusa uvundo. Kinasa kilileta sauti, hakikupeleka. Angeweza kumsikia Vihra akilia, asiweze kumwambia hata pole.

Uvundo wenyewe ulikuwa huu. Chuo kilinunua programu ya kufundishia, Ariadna. Kila mwanafunzi na mwendo wake: ukipata, inakupandisha ngazi, ukikosa, inakushusha, inakubembeleza mpaka uelewe. Wahadhiri waliipenda kufa, maana iliwaondolea kazi ya kusahihisha. Wasichokijua ni kwamba bwana Aumann, muuzaji wake, alikuwa na wateja wengine ng'ambo. Kwenye ngazi ya juu kabisa, mahali pa swali la mwisho, wateja hao walipachika kufuli la kweli: lile la kompyuta zinazoendesha umeme wa nchi nzima. Mwaka mzima mashine ikawachekecha wanafunzi kama unga, ikitafuta kichwa kimoja cha kulifungua.

Ikampata Vihra.

Ilibaki ngazi moja. Lakini akaunti hufunguka kwa uso wa mwenyewe tu, basi Aumann akaja kuuchukua uso huo na mwili wake, mchana kweupe, nje ya maktaba. Kufuli likifunguka, hospitali zote giza. Na binti aliyelifungua, nani atamwacha hai aende kusimulia?

Sikioni, sauti ya Aumann. "Swali hilo hapo. Jibu."

"Siwezi, bwana."

"Umejibu chungu nzima kama hilo!"

Kwikwi. Kwikwi tupu.

Zornitsa akabonyeza simu ya kwenye helmeti. Chumba 417, chumba cha Vihra na wenzake, bweni la Studentski Grad, mtaa wa wanafunzi. Akapokea Gancho, jitu lenye sauti ya debe, na nyuma yake muziki, vicheko, mtu anagombana na mtu kuhusu chumvi.

"Gancho, mimi mwalimu Kehayova. Nijibu haraka. Vihra anaweza kulimaliza swali la ngazi ya mwisho?"

Gancho akacheka mpaka akakohoa. "Vihra? Mwalimu, Vihra bado anahesabia vidole!"

"Gancho!"

"Basi usitusemee. Akaunti ni ya chumba kizima. Uso ni wa Vihra kwa sababu siku ya kuandikishwa yeye peke yake ndiye aliyeamka. Radina anapiga aljebra, mimi namba tasa, wale wa 415 wanakuja na rakia yao, ile pombe kali, wanamalizia. Vihra anatuchomea pilipili hoho. Kwa pilipili, mwalimu, huyo ni profesa."

Zornitsa nusura aikose kona.

Mji huu wote umekulia kwenye kunong'onezana majibu. Ukimficha mwenzio jibu darasani, unaitwa mchoyo mpaka unaoa. Yeye mwenyewe alifaulu hivyo hivyo. Na Idara nzima, na vichwa vyake vyote, haikukumbuka.

Akamweleza kanali.

"Afadhali!" kanali akapumua. "Kufuli halifunguki. Nchi imepona."

"Nchi, ndiyo. Na yeye?"



Ndani ya Škoda, Ariadna akasema kwa sauti tamu ya nesi wa watoto: "Si kitu, Vihra! Tujaribu la rahisi kidogo."

"Inafanya nini hiyo?" Aumann akafoka.

"Inanishusha."

"Irudishe juu!"

"Irudishe wewe, si mashine yako?"

"Mimi muuzaji, si fundi!"

"Si kitu, Vihra! Hebu tuangalie sehemu. Nusu ya keki, ukijumlisha na robo ya keki..."

Klik.

Zornitsa aliujua mlio ule. Bastola imeondolewa kizuizi cha usalama.

Akashika breki, akaachia, akashika tena. 

"Usiniue!" Vihra akapiga ukelele. "Si mimi, ni sote! Nipeleke bwenini! Tukikaa mezani sote tunalijibu, naapa kwa mama yangu!"

"Geuza!" Aumann akamwambia dereva. 

Kisha matairi yakalia, na Škoda ikageuza.

"Gancho! Anakuja mtu na Vihra, ana bastola. Jifungieni. Asitoke mtu!"

"Asitoke nani? Nani kaleta muziki huu, hebu punguza... Mwalimu? Sikusikii!"

Simu ikakatika. Akapiga, haikupokelewa. Akaita redioni.

"Vikosi viko wapi, afande?"

"Kwenye foleni, binti yangu." Sauti ya kanali ilikuwa imezeeka ghafla. "Wako kwenye foleni."

Alipofika bwenini, nusu dakika nyuma yao, Aumann alishaingia na Vihra. Dereva amebaki kwenye usukani. Zornitsa akafungua mlango wa gari, akamgonga kwa helmeti mara moja. Akalala.

Hicho ndicho kitu pekee alichofanikisha siku hiyo.

Maana huko juu, mtu dirishani alikuwa ameona suti, tai, na kompyuta bapa kwapani. Studentski Grad, mavazi hayo ni ya mtu mmoja tu: mkaguzi wa mabweni. Mkaguzi huchukua majiko ya umeme, paka, na ndugu wasioandikishwa wanaolala chini ya vitanda. Kijiko kikagonga bomba la kupasha vyumba joto. Ta-ta-taa, ishara ya hatari. Bomba hupita ghorofa zote.

Zornitsa alipanda ngazi tatu tatu, Beretta mkononi. Akauona mgongo wa Aumann, na kiwiko cha Vihra kwenye kucha zake.

Ndipo nyumba ikapasuka.

Milango yote kwa pamoja. Watu na majiko, watu na magodoro, paka ndani ya foronya, chombo cha kuchomea pilipili bado kinafuka moshi.

"Mkaguzi! Mkaguzi jamani!"

"Rudini! Ana bastola!" Zornitsa alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Nani amsikie? Akalenga. Vichwa. Akalenga tena. Vichwa vingine. Akashusha silaha.

Aumann akafyatua juu, plasta ya dari ikamwagika. Wa mbele wakasita. Wa nyuma, ambao hawakuona kitu, wakasukuma.

Aumann akaenda chini kama gunia, na pilipili za moto zikamwingia shingoni. Kiwiko kikamponyoka. Mafuriko yale ya watu yakamchukua Vihra, yakamtupa kifuani mwa Zornitsa, mzima, anatetemeka.

Gancho alikutwa amemkalia Aumann, macho yamemtoka. "Mwalimu, tumemvunja mkaguzi. Tutafukuzwa?"

"Huyu si mkaguzi."

"Mungu mkubwa!"

Zornitsa akamtia Aumann pingu. Redio ikaamka.

"Kazi safi, Kipanga."

"Sikufanya kitu, afande."

"Kwenye ripoti umefanya."

"Na mashine?"

Kanali akakohoa. "Wizara imeshasaini. Itabadilishwa kampuni ya kuiuza tu. Masomo yanaendelea."

Nje, Vihra alikuwa ameketi kwenye ngazi, blanketi mabegani, wenzake wamemzunguka wakisema wote kwa pamoja. Akainuka, akamfuata Zornitsa mpaka kwenye pikipiki.

"Mwalimu, nisaidie. Mtihani ni Jumatatu. Safari hii kila mtu chumba chake, kamera yake." Kwikwi zilikuwa kubwa kuliko zile za ndani ya gari. "Sijui chochote. Kweli, sijui hata pa kuanzia."

Zornitsa alikuwa amefunzwa kutegua mabomu na kuvuka mipaka kwa miguu. Hesabu alinong'onezwa tu. 

Akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akateremka barabarani taratibu, mgongo umenyooka. Hakugeuka. Angegeuka, ingebidi ajibu.