Baragumu la Ulindwa

Katika miaka ile ambayo pembe za ndovu ziliteremka pwani kwa mabega ya watu, na vitambaa vya merikani vikapanda bara kwa mabega yaleyale, nchi ya Ulindwa ilikuwa na sheria moja ya barabara iliyojulikana na kila mpagazi. Msafara wa nyumbani haukurudi kimya. Ulipofika mahali pa kuonekana, kirangozi, kiongozi wa njia, alipuliza baragumu, ngoma ikajibu, magobori yakalipuliwa hewani, na wanawake wakatoka langoni kwa vigelegele kuwalaki waume zao. Aliyekaribia bila mlio alihesabiwa adui, na walinzi hawakuwa na wajibu wa kumuuliza jina.

Kirangozi wa msafara uliorudi na pembe kutoka nchi za magharibi mwaka wa ndui aliitwa Kapaya. Alivaa joho jekundu na kofia ya ngozi ya mbega, na uso wake ulikuwa na makovu ya ndui iliyompata utotoni. Mwenye makovu haugui tena. Hilo kila mtu wa bara alilijua, ingawa hawakuafikiana juu ya sababu yake. Kalunde, mkewe, hakuwa na kovu hata moja. Katika safari nyingine Kapaya aliukumbuka uso ule laini kwa raha. Safari hii ulimtia hofu, kwa kuwa kwenye visima vya nyika, ambako misafara mingi ilisongamana kugombea maji, ndui iliwaingia watu wake.

Alifanya alichoweza. Wagonjwa walitembea nyuma, mbali na wenzao, wakihudumiwa na wenye makovu peke yao. Waliokufa walizikwa pamoja na nguo zao, jambo lililozusha ugomvi, maana nguo ilikuwa mali.

Kwenye kivuko cha mto wa Ulindwa walimkuta Ntabo, mjumbe wa ikulu, amesimama ng'ambo ya pili, upepo ukimpiga kisogoni. Akatangaza amri ya Mtemi. Msafara usivuke. Ukae katika kijiji kilichohamwa cha Isanga mpaka ndui iishe, na chakula kitawekwa juu ya mwamba. Tena, baragumu lisilie, ngoma isilie, bunduki isilie, wanawake wasije wakakimbilia mauti yao. Atakayevunja amri atauawa.

Kapaya aliiona amri hiyo kuwa ya busara, akaitii. Alipouliza habari za mjini, Ntabo alizimwaga zote. Soko limefungwa, kisha limefunguliwa kwa wauza chumvi peke yao, kisha wauza chumvi wamefukuzwa. Watu walikatazwa kusalimiana kwa kupiga makofi. Baadaye ikatangazwa kwamba makofi hayana neno, ila yapigwe kwa mbali. Pombe isinywewe kwa kata moja.

"Sasa kila mzee anatembea na kata yake shingoni kama kengele ya mbuzi," alisema Ntabo. "Ukisikia kokoro-kokoro njiani, jua baraza linapita."

Wapagazi walicheka. Huko Isanga hawakucheka tena.

Mtama uliwekwa juu ya mwamba mara chache, kisha haukuwekwa tena. Watu walikula mizizi, halafu ngozi za kufungia mizigo. Baadhi walianza kunong'ona kwamba watavuka kwa nguvu. Ndipo Ntabo aliporudi na amri nyingine: wazima waje mara moja na pembe zote, wapite njia ya lango la magharibi. Kuhusu baragumu hakuna kilichobadilika. Waje kimya.

Kapaya akamuuliza: "Ndugu yangu, jana Mtemi alitufungia, leo anatuita. Umemwona kwa macho yako?"

"Mtemi haonekani siku hizi. Maneno yake hutoka nyuma ya pazia."

"Na sauti ni yake?"

"Husemwa na wanyampara wake, wazee wa ikulu. Mara huyu, mara yule. Mimi ni mdomo tu, Kirangozi."

"Na Shigela pale langoni ameambiwa kwamba tutakuja bila mlio?"

Ntabo alijibu kwamba neno la Mtemi humfikia kila mtu. Hakusema kwamba limemfikia Shigela.

Shigela alikuwa mkuu wa rugaruga, askari wa Mtemi, wa lango la magharibi, na ndugu wa Kalunde. Kapaya alizipima njia zote. Akikaa, watu wake watakufa njaa au watavuka bila yeye. Akienda na kupiga baragumu, Kalunde atakuwa wa kwanza kutoka langoni, na Kapaya hakuwa na hakika kwamba wote waliojiita wazima walikuwa wazima. Njaa humfanya mtu afiche homa. Akaamua kwenda kimya, baragumu likining'inia kiunoni.

Waliondoka asubuhi yenye ukungu, wakavuka mto, wakapita katikati ya mashamba ya mtama uliozidi kimo cha mtu. Walinzi waliona vichwa vya mikuki vikisogea juu ya masuke, bila ngoma, bila wimbo. Walifanya walichofundishwa. Magobori yakalia, na wapagazi wa mbele wakaanguka na mizigo yao.

Walio nyuma hawakuweza kuamini kwamba wanapigwa na ndugu zao. Wakasema mji umetekwa, ndiyo sababu ya amri zile za ajabu, na wageni ndio wanaokalia lango. Wakatua pembe, wakafyatua bunduki. Rugaruga waliposikia risasi zikijibu, wakaamini kabisa kwamba ni maadui. Hivyo watu wa mji mmoja wakauana shambani mwao wenyewe, kila upande ukidhani unauokoa mji.

Kapaya alisikia sauti ikiwadhihaki kutoka ukutani: "Wezi wa mtama, mbona mnainama? Masuke hayana huruma zaidi yetu." Akaitambua. Alimwita Shigela kwa jina mara nyingi. Kishindo kikayameza maneno. Karibu naye mpagazi mmoja alikuwa akilenga ukutani, na mtu aliyelengwa alikuwa mtoto wa mama mdogo wa mpagazi huyo.

Akashika baragumu. Akalipuliza kwa mlio wa kurudi nyumbani.

Bunduki zilinyamaza upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu vikaanza vigelegele. Lango likafunguka, na wanawake wakamiminika katika moshi. Kapaya alipunga mikono, akapaza sauti warudi, wakadhani anawasalimu. Kalunde alikuwa mbele. Akamkumbatia, akamkumbatia na mpagazi aliyekuwa akitetemeka kando yake. Shigela alishuka ukutani, akatazama maiti zilizolala shambani.

"Shemeji," alisema, "kwa nini hukuja kama watu wanavyokuja?"

Kabla mwezi haujaandama upya, ndui ilikuwa katika kila mtaa. Kalunde aliugua miongoni mwa wa kwanza, akapona, akapoteza jicho moja.

Baraza liliketi kumhukumu Kapaya likiwa na Mtemi mpya, kwani sasa ilitangazwa kwamba yule wa zamani amefariki. Alifariki lini, halikusemwa. Ilikuwa desturi kuficha kifo cha Mtemi mpaka mrithi apatikane, na nyuma ya pazia wanyampara wawili walikuwa wametoa amri, mmoja akitaka njia ifungwe, mwenzake akitaka pembe za kumwinua mrithi wake. Waliouosha mwili walidai kwamba ulikuwa na malengelenge. Kama ni kweli, ndui iliingia Ulindwa kabla ya msafara. Baraza halikutaka kulichunguza hilo.

Kwa kupiga baragumu alistahili kuuawa. Kwa kusimamisha vita alistahili tuzo. Wazee walibishana mpaka wakachoka, wakampa vyote viwili nusunusu: ng'ombe mmoja, na kufukuzwa nchini.

Wimbo wa Ulindwa umehifadhi vita vya lango la magharibi kama ushindi juu ya adui asiyetajwa jina. Ndui haimo.

Kapaya alitoka akimswaga ng'ombe wake mbele, na Kalunde akamfuata. Walipopita shamba lililokanyagwa, Kalunde alimuuliza mumewe kama alijua, alipopuliza baragumu, kwamba yeye atakuja.

"Nilijua," alisema Kapaya.

"Homa ilikuwa imenianza kabla ya baragumu," alisema Kalunde. "Nilikuwa nikisaga unga kule ikulu."

Kapaya aligeuka kumtazama. Jicho lililobaki lilikuwa limeelekea njiani, na hakuweza kujua kama ameambiwa kweli au amesamehewa.