Kujua Kupi?

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za msimu wa pareto, Gesare alichuma maua pamoja na mama yake mpaka umande ukamlowesha sketi. Kisha akanawa miguu na kukimbilia shule. Alikuwa darasa la sita katika shule moja karibu na Sironga, na katika Kiingereza hakuna aliyemshinda. Wenzake walimwita Memsahibu. Yeye alijifanya kulichukia jina hilo, lakini moyoni alilipenda.

Mwalimu Angwenyi aliandika neno moja ubaoni: "know".

"Ombui, soma."

Ombui alisimama, akalikodolea neno macho, akapumua. "Kinowu!"

Darasa likaangua kicheko. Gesare alicheka kuliko wote, mpaka akainamia dawati.

"Hiyo K imelala, Ombui. Usiiamshe," mwalimu alisema, naye akitabasamu. "Haya, sikilizeni. Neno hili lina kazi nyingi. Unaweza kumjua mtu. Unaweza kujua habari. Lakini likifuatwa na 'how', maana yake ni kujua namna ya kufanya jambo. Mimi naijua ndege, nimeiona angani. Je, najua kuirusha?"

"Hapana, Mwalimu!" darasa likaitikia.

Gesare hakuitikia. Alikuwa bado anamnong'oneza jirani yake, "Kinowu, kinowu." Kwa nini asikilize neno alilolijua tangu darasa la tatu?

Alasiri alimkuta mama yake barabarani, amembeba Makori, mdogo wake Gesare, mgongoni. Mtoto huyo alikuwa na upele mwili mzima, na usiku kucha alijikuna mpaka damu ikatoka. Wakaenda pamoja zahanati.

Sista Bathsheba, muuguzi aliyezoea kutafsiri, alikuwa chumba cha pili na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Aliyekuwapo ni daktari kijana, Mzungu, aliyefika nchini juzi tu. Hakuwa na neno la Kiswahili wala la Kigusii.

"Tumngoje Sista," mama alisema.

"Wa nini, mama? Mimi ninajua Kiingereza."

Daktari alimpima Makori, akatoa chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Akazungumza, maneno yakimtoka mbio kama mvua juu ya mabati, huku akijisugua mkono wake. Mwishoni akauliza swali. Gesare alinasa maneno mawili tu: "know" na "medicine".

Akamgeukia mama. "Anauliza kama unaijua dawa hii."

Mama aliitazama chupa. "Naijua. Si ndiyo hii aliyopewa mke wa jirani yetu Manasseh?"

"She knows," Gesare alimwambia daktari kwa sauti ya kujiamini.

Daktari akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaita mgonjwa mwingine.

Njia nzima mama hakunyamaza. Kila waliyekutana naye alimsimamisha. "Mmemwona huyu? Leo amezungumza na daktari, wawili tu! Sista hakuhitajika." Gesare alitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Nyumbani mama alitikisa chupa, akaleta kijiko. "Makori, njoo unywe, baba."

"Ya kunywa?" Gesare aliuliza.

"Mke wa Manasseh aliinywa, tumbo likatulia. Huu upele nao unatoka tumboni, ndiyo maana wamempa."

Dawa ikamiminwa. Makori akafungua mdomo kama kifaranga. Gesare akasikia harufu kali, harufu isiyo ya kitu cha kunywa, na hapo akamkumbuka daktari akijisugua mkono, juu na chini. Mbona alijisugua? Na kabla ya "know", si kulikuwa na maneno mengi yaliyompita? Huenda hata "how" ilikuwamo.

Akisema, mama atajua kwamba hakuelewa. Kijiji kizima kitajua. Lakini kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Mama, usimpe!" Akaushika mkono wa mama, dawa ikamwagika sakafuni. "Sikuelewa. Nilisikia maneno mawili tu, mengine nikayabuni."

Mama aliweka kijiko chini. Hakumgombeza. Alifunga chupa, akambeba Makori, akasema, "Twende kabla hawajafunga."

Sista Bathsheba alipoisikia habari hiyo alijishika kifua. "Mama Gesare! Hii ni ya kupaka! Ya mke wa Manasseh ni nyeupe pia, lakini hiyo ni dawa nyingine kabisa. Hii ingemdhuru mtoto." Akawaonyesha: aogeshwe, akaushwe, apakwe kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu, na nguo na blanketi zichemshwe. Mama akarudia kila hatua kwa mikono yake mwenyewe mpaka Sista akaridhika.

"Daktari aliuliza kama mama anajua namna ya kuitumia," Sista alimwambia Gesare baada ya kuzungumza na daktari. "Wewe ukauliza kama anaijua. Mama akajibu ukweli wake, daktari akasikia jambo lingine."

"Nisamehe, Sista. Mwalimu alitufundisha leo leo. Sikusikiliza, nilikuwa ninamcheka Ombui."

"Kosa lilikuwa kuona haya kusema 'rudia, sijaelewa'. Neno hilo umelisema kwa kuchelewa kidogo, lakini umelisema, na ndilo lililomwokoa mdogo wako. Kila ukiulizwa kama unajua, jiulize kwanza: kujua kupi? Kwa macho, au kwa kutenda? Na usipojua, sema. Anayesema hajui hufundishwa. Anayejifanya anajua huachwa hivyo hivyo."

"Mbuya mono," mama alimshukuru Sista, na Gesare naye akashukuru.

Juma lililofuata ngozi ya Makori ilikuwa imeanza kulainika. Gesare alimwomba Ombui radhi, naye Ombui akasema atasamehe akifundishwa herufi zote zinazolala.

Jioni moja mama aliita kutoka jikoni. "Gesare! Unaijua njia ya kisimani?"

"Kujua kupi, mama? Kwa macho, au kwa kutenda?"

"Kwa kutenda! Mtungi huo hapo."

Gesare akaucheka ujanja wa mama, akajitwika mtungi, akaenda.