Muhuri wa Saa Nne

"Sinki la ghorofa ya tano limeziba. Fundi aje na spana kubwa."

Ujumbe uliingia saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Bisibisi aliusoma mara moja, akaufuta, akanyanyua sanduku lake la vifaa.

Sinki maana yake wakili. Spana kubwa maana yake usiende mikono mitupu.

Jina la Bisibisi alipewa na marehemu baba yake, fundi bomba, kwa sababu tangu utotoni hakuona kitu kimefungwa asikifungue. Idara ya usalama ilimwachia jina hilo, na kazi ya baba yake ikawa maficho yake. Nani humtazama fundi bomba usoni? Watu hutazama viatu vyake, wakihofia zulia lao.

Kidude cha sikioni kilikwaruza. Mkuu wake hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Una dakika themanini. Saa nne kamili Kamishna wa Visima anagonga muhuri."

"Na meli ya uokoaji?"

"Nahodha kapewa amri na tajiri wake. Muhuri ukigongwa, ang'oe nanga, aliache jukwaa."

Kilomita arobaini baharini lilisimama jukwaa la mafuta na gesi lililochakaa, na chini yake visima saba. Sita vilikwisha kuzibwa kwa saruji. Cha saba kilikuwa kinavuja. Sheria haikuwa na mafumbo: aliyechimba ndiye azibe, aondoe na vyuma vyake. Akitaka kumwachia mwingine, huyo mwingine kwanza alete dhamana ya benki kwamba gharama zote ataziweza. Kampuni iliyochimba ilikwisha kushiba na sasa haikutaka kuosha vyombo. Ikapata mnunuzi, kampuni isiyo hata na mlinzi wa geti, na dhamana yake ilikuwa mkobani mwa wakili wa ghorofa ya tano.

Juu ya jukwaa walikuwepo watu sita. Waliwekwa pale makusudi, maana jukwaa tupu kisheria limetelekezwa, na lililotelekezwa haliuziki. Watu sita, pambo la dukani.

Mmoja wao alikuwa shemeji yake Bisibisi, mume wa dada yake. Angeshuka na zamu iliyopita. Bisibisi ndiye aliyemwomba abaki, awe jicho la idara.



Ghorofa ya tano alifungua koki moja ndani ya choo, kisha akasubiri. Maji yakapita chini ya mlango wa wakili. Wakili akatoka mbio, suruali ameikunja, akifoka korido nzima.

"Nani fundi hapa? Mnataka kuniogesha ofisini?"

"Mimi, bosi. Samahani bosi. Koki kuu iko chini, mtume mtu aifunge."

Alipokwenda kufoka kwa mhudumu wa chini, Bisibisi alikuwa ameshaingia. Mkoba mezani. Kufuli la namba. Alibandika pembeni yake kisahani cha sumaku kikubwa kama kifungo cha koti. Sekunde kumi na moja, kufuli likaachia. Kamera ilikuwa ndani ya futikamba. Kurasa kumi na mbili za dhamana, picha kumi na mbili.

Aligeuka, akamkuta baunsa wa wakili mlangoni.

Baunsa hakuuliza kitu. Glock ilitoka kiunoni. Spana kubwa ilitoka mapema zaidi, ikatua kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukasikika. Bastola iliteleza majini. Bisibisi aliirukia ngazi, ghorofa mbili kwa pumzi moja, akajibanza nyuma ya mtungi wa kuzimia moto, akafungua picha kwenye simu.

"Ni ya kughushi?" Mkuu aliuliza.

"Sioni. Saini ipo. Alama ya maji ipo. Namba ya simu ya benki ipo."

"Tafuta."

Alitafuta. Casio mkononi ilisema saa tatu na dakika thelathini na moja. Karatasi ilikuwa safi kuliko nia ya walioiandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kazi, Bisibisi aliogopa waziwazi.

Redio ya jukwaani ikaingia sikioni. Sauti ya shemeji, na nyuma yake mluzi wa gesi.

"Shemeji, bado unazibua vyoo vya watu?"

"Bado. Na nyie?"

"Sisi tunaziba. Tunaziba na haizibiki. Vali imekufa, mpaka mtu aishikilie kwa mikono. Hebu niambie, bomba la jikoni kwa dada yako linavuja mwezi wa tatu huu, na ukoo una mafundi wawili. Huoni aibu?"

"Shuka salama, tutalitengeneza wote."

"Ahadi ni deni, shemeji."

Mawimbi ya redio yakakatika.

Unazibua. Tunaziba.

Bisibisi alirudi ukurasa wa tisa. Akasoma mstari wa nne kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. *Benki itagharamia kazi ya kuzibua visima.*

Kuzibua.

Haikuwa bahati mbaya. Bila shaka mwandishi alikuwa na mikataba miwili mezani: wa wazi wa kuziba, na wa siri wa kuzibua, saruji itobolewe, mabaki ya mafuta yanyonywe na meli zisizo na bendera, kisha kwaheri. Kichwani mwake lilikaa neno la pili, na mkono ukafuata kichwa.

Yamaha ya idara ilikuwa nyuma ya jengo. Hakuvaa kofia.

Ukumbi wa Kamishna ulinukia rangi mpya. Saa nne kasoro dakika sita. Kamishna, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikuwa na muhuri mkononi. Wakili alikwisha kufika, soksi bado mbichi. Bisibisi alipita katikati ya viti, viatu vikidondosha matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Fundi bomba. Naomba usome ukurasa wa tisa, mstari wa nne. Kwa sauti, mama yangu, kisha unifukuze."

Mkuu alikuwa amempigia Kamishna dakika moja nyuma, au labda mama alikuwa tu mtu makini. Alisoma. Alipofika kwenye neno, alivua miwani.

"Wakili. Kuzibua?"

"Kosa la uchapaji, mheshimiwa. Herufi moja tu."

"Nimekua nikiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hiyo ya usipozibua sijaisikia." Hakucheka. "Dhamana husomwa ilivyoandikwa. Benki isahihishe."

"Tugonge kwanza, marekebisho yatafuata..."

"Namba yao si hii hapa juu? Naipiga mwenyewe."

Alibonyeza namba za simu ya mezani, moja moja.

Mlangoni, simu ikaita.

Watu wote waligeuka. Baunsa alikuwa amesimama pale, anahema, mkono umevimba, na mfuko wa koti lake unaimba. Alijaribu kuuzima kwa mkono wa kushoto, haukufika.

"Benki imekuja yenyewe," Kamishna alisema, akaufungia muhuri ndani ya droo.

Wakili aliruka kuelekea dirishani. Bisibisi alimwekea sanduku la vifaa miguuni, akaanguka kifudifudi. Vijana wa idara waliingia na pingu.

Sikioni Mkuu alikuwa akimwamrisha nahodha. "Hakuna muhuri. Jukwaa bado ni la kampuni yenu, na watu ni wenu. Watoeni. Sasa hivi!"

Bisibisi alitoka nje, akaketi juu ya Yamaha. Jua lilikuwa kali. Alisubiri dakika ishirini na mbili bila kugusa kitu.

"Bisibisi." Sauti ya Mkuu ilikuwa chini. "Watano wametoka."

"Wa sita?"

"Ilibidi mtu abaki ameshikilia vali wenzake washuke. Alisema yeye ana ukoo wa mafundi. Baada ya hapo... jukwaa limewaka."

Bisibisi alilifuta sanduku matope kwa kiganja, akalifunga vizuri nyuma ya pikipiki. Simu yake ya kawaida ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, hujambo? Mume wangu leo kapiga simu, kaniambia nyie wawili mnakuja kunitengenezea bomba. Ni kweli au ananidanganya tu?"

Bisibisi aliwasha injini.

"Kweli, dada. Niko njiani."