Kiti cha Tundu la Nne

Shemeji yangu tulimwita Profesa, na hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa karani wa bohari, aina ya mtu anayetazama video mbili kisha anakuja kukufundisha kazi yako. Mimi nimetengeneza cherehani miaka ishirini na moja. Yeye alikuwa akisimama nyuma yangu na kunieleza namna ya kutia mafuta. Sasa alikuwa amegundua uvuvi wa bwawani, na hatukupumua.

"Kaka, nenda naye dukani," mdogo wangu, mkewe, alinipigia simu. "Unajua hawezi kuogelea. Asije akachagua chombo cha kumuua."

"Mumeo akizama, atakuwa amezamishwa na mdomo wake."

Hakucheka. "Nenda naye tu, kaka. Nakuomba."

Basi jua likizama tukaenda, hadi kwenye ghala moja nyuma ya duka la mabomba. Muuzaji alikuwa mwanamke mwembamba anayetafuna ubani, futi kamba shingoni kama mshonaji. Aliitumia kupima miguu ya wateja, maana kayaki hizi, mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja, huendeshwa kwa kukanyaga pedali, mikono ikabaki kushika ndoano. Wavivu wamefikiriwa kweli dunia hii.

Profesa akaanza mhadhara. Upana, uzito, usukani. Yule mama akamwacha amalize, kisha akauliza swali moja.

"Bwawa lenu lina magugu?"

"Yamejaa," nikajibu mimi.

"Basi hizi zenye feni chini sahauni, magugu yatazisokota. Mnataka ya mapezi." Akasita. "Iliyopo ni moja. Ya mtumba."

Ilikuwa ya kijani, imesukumwa kwenye kona peke yake. Ukikanyaga kushoto na kulia, mapezi mawili chini yake yanapigapiga. Profesa akaingia kuijaribu, magoti yakamfika kidevuni. Kiti kilikaa juu ya reli yenye matundu kumi, kikashikwa kwa pini kwenye tundu la nne. Tundu la mtu mfupi sana.

"Nisogezee nyuma, mama."

Ubani ukasimama mdomoni mwake.

"Hicho hakisogezwi."

"Kimeganda?" nikauliza.

"Hakijaganda. Kina mtu."

Nilicheka hadi nikakohoa. Yeye akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye kiti, kwamba wote walioinunua aliwaambia hivyohivyo: kaeni kilivyo. Wakakaa, magoti yakauma, wakairudisha salama. "Mmoja tu alikisogeza."

"Akasemaje?"

"Kayaki ilirudi. Yeye hajarudi kusema."

Sasa niambie, fundi mzima na akili zangu nisikilize upuuzi huo? Hata Profesa, bingwa wa kila kitu, alikuwa ameanza kujikuna shingo. "Shemeji, labda tutafute nyingine..." Hilo ndilo lililonipandisha mori. Mwanamume wa video, anatishwa na kiti!

Nikatoa koleo mfukoni. Pini ilikuwa na kutu. Nikaivuta.

Kwichi.

Kiti kikarudi nyuma chenyewe, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake. Pedali ya kushoto ikashuka. Ya kulia ikapanda. Harufu ya tope bichi ikajaa kona nzima. Nikaweka kiganja kwenye kiti nikizuie...

Kilikuwa na joto. Profesa alikuwa ameshatoka kabla sijaivuta pini, amesimama pembeni.

"Nani ametoa pini?" mama akanong'ona.

"Mimi hapa. Unataka kunishitaki?"

Alinipima tu kwa macho, kutoka kiunoni hadi kwenye nyayo.

Tukailipia, nami nikafunga kiti kwenye tundu la nane kwa bolti mpya ya kwangu. Ile pini nikaitia mfukoni. Fundi hatupi chuma.

Jumamosi Profesa akaenda bwawani tangu mchana. Saa kumi na mbili jioni mdogo wangu akanituma nikamsaidie kuibeba kayaki. Nikaenda huku nalalamika njia nzima. Maji yalikuwa yametulia, hakuna upepo. Nikamwona kwa mbali anakuja, nikamwinulia mkono. Hakuinua wake.

Kwichi-kwachi. Kwichi-kwachi.

Sauti hiyo naijua. Ni cherehani ya kukanyaga inayoendeshwa na mtu asiye na haraka. Chombo kikasogea, hatua thelathini kutoka ukingoni, nikaona vizuri. Profesa alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya kingo za chombo, mbali na pedali.

Pedali zilikuwa zinakanyagwa.

"Acha utoto!" nikapiga kelele. "Shuka tubebe!"

"Shemeji..." Alikuwa ananong'ona, lakini juu ya maji yale nilisikia kila neno. "Amekaa mapajani kwangu. Ni mzito. Anataka kiti chake... irudishe ile pini."

Pini. Ilikuwa nyumbani, kwenye kopo la misumari.

"Ruka! Hapo kina si kirefu!"

"Nitarukaje, amenikalia..."

Kayaki ikageuka. Nami niliingia majini na viatu vyangu, niamini usiniamini. Nilifika hadi kifuani, magugu yakanishika miguu. Kila nilipopiga hatua, ile sauti ilikuwa imesogea hatua mbili. Ikaingia kwenye matete.

Ikanyamaza.

Tuliitafuta kayaki na majirani usiku kucha. Alfajiri tukaikuta imejiegesha ukingoni, kavu ndani. Ndoano zake, kofia yake, chupa ya chai. Kiti kilikuwa kwenye tundu la nne. Bolti yangu imefunguliwa na kulazwa juu yake, na nati yake pembeni. Polisi wakaandika kwamba alizama. Hawajapata mwili mpaka leo.

Mdogo wangu aliniuliza jambo moja tu. "Alitaka kayaki nyingine, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Haniiti kaka tena. Ananiita fundi, kama wateja.

Nilirudi kwenye lile ghala na ile pini, nimuulize yule mama jina la mwenye kiti. Alikuwepo, anatafuna. Hakuigusa pini.

"Aliyekaa alikuwa anapumzika," akasema. "Wewe ndiye uliyemwinua."

Nikamtukana, nikaondoka. Wachawi wote hujifanya wanajua. Pini nikaitupa bwawani, nikasema yameisha.

Karakana yangu ina stuli moja, ya chuma, inayopanda na kushuka kwa skrubu. Nimeifunga kwa kimo changu tangu nianze kazi, na ufunguo wa karakana ninao mimi peke yangu. Wiki hii kila asubuhi naikuta imeshushwa. Naipandisha, nakaza hadi mkono unaniuma. Jana niliikalia nikiwa na hasira zangu za kawaida, magoti yakanifika kidevuni.

Stuli ilikuwa na joto.

Sasa hivi jua linazama. Nimesimama mlangoni, sijaingia. Mdogo wangu nimempigia mara tatu, hapokei. Ndani kuna cherehani tisa za wateja, na moja imeanza kukanyagwa. Taratibu.