Picha ya Kiwanda Kwenye Meza ya Arobaini

Fremu ilikuwa bado kwenye ukuta wa ukumbi, kioo chake kimeegemezwa chini, na picha haimo. Picha yenyewe haikuwa na rangi, nyeusi na nyeupe tu: milima, kiwanda cha kuoshea madini, na vigari vikining'inia kwenye waya juu ya korongo.

"Funguo za ukumbi anazo nani?" aliuliza Inspekta Badri.

"Mimi peke yangu," alijibu Gaioz, mlinzi. "Basi nikamate, afande. Mkurugenzi wa ukumbi ameshasema kesho sina kazi."

"Na mlango wa nyuma?"

"Huo haufungwi. Wanawake huja kuazima masufuria ya msiba."

Badri aliinama. Kwenye kioo palikuwa na alama ya kidole gumba, nzima, inanata. Alinusa. Asali. Pembeni imegandia punje ya ngano iliyochemshwa.

Hakungoja maabara. Ngano ya asali hapikiwi aliye hai, na wiki ile marehemu aliyetimiza siku arobaini ni mmoja tu: Otari, fundi wa vigari.

Nyumbani kwa Otari, mjane wake, Tsiala, alikuwa akikoroga sufuria. Mezani palikuwa na divai, mkate na mshumaa. Mahali pa picha ya marehemu pamesimama ile ya kiwanda.

"Mama Tsiala, nataka alama ya kidole chako."

"Ya nini, mwanangu? Picha si unaiona?"

"Watu wanakuja kumlilia Otari. Watalilia kiwanda?"

"Yumo. Hapo kwenye ngazi, mdogo kama pilipili manga."

"Picha zake nyingine ziko wapi?"

Mwiko ulisimama.

"Nilizichoma. Ya harusi, ya jeshini, zote. Niliambiwa ana mwanamke kijiji cha juu. Aliapa kwa Mungu, sikumsikia. Alinitazama nikizitia motoni moja moja. Kisha miaka minane tukala meza moja."

"Na mwanamke huyo?"

"Alikuja mazikoni. Kikongwe, kipofu. Otari alikuwa akimpasulia kuni."

"Ungemwomba Gaioz akuazime."

"Angeniuliza za nyumbani ziko wapi."

"Gaioz anafukuzwa kwa ajili yako."

Tsiala alifuta mikono polepole. "Hilo sikulijua. Mungu anisamehe. Kaa, mwanangu. Mkurugenzi ni mgeni wangu leo."

Mkurugenzi aliingia wa kwanza, akaganda mlangoni.

"Mama, picha ya ukumbi inafanya nini hapa?"

"Nimeiiba mimi. Gaioz hana kosa."

"Na Otari yuko wapi?"

Tsiala aliweka kidole kwenye ngazi za kiwanda.

"Huyo hapo. Ndiye niliyemsaza."